Taa Nyekundu za Alfajiri

Kambini, Mississippi
Jumapili, 3 Machi

Tonya mke wangu,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mpaka imechakaa. Hapa kwenye kambi ya kuacha pombe simu ni marufuku mpaka siku ya kutoka, kwa hiyo usinisubiri kwenye simu, nisubiri kwenye sanduku la posta. Ndugu Harlan, mchungaji wetu, anasema mlevi akipewa simu ataanza na mama yake na kumaliza na muuza pombe. Nacheka, lakini hajakosea.

Eti kweli? Utakaa kwenye kiti changu cha mashua? Royce ameniandikia kwamba umekubali kuvua samaki naye kwenye mashindano yote matatu ya masika ili timu ya Ledbetter na Tidmore isikose hata moja. Tukikosa moja tu, fainali ya vuli tutaitazama kwenye gati na wastaafu. Mimi nilidhani kiti kimekwenda. Asante, mke wangu.

Sasa nisikilize, maana mashua nimekuachia wewe, sikumwachia Royce. Royce anajua samaki, umeme hajui. Ile mota ndogo ya mbele inakula betri tatu, na mkivua kutwa kwenye upepo mtakuwa mmezinyonya zaidi ya nusu. Ukirudi tu nyumbani, kabla hujavua viatu, kabla hujala, chomeka waya. Chaja ni kile kisanduku cheusi nilichokifunga ndani ya mashua, chini ya kifuniko cha nyuma. Kina taa nne, moja kwa kila betri, na ile ya nne ni ya betri ya kuwashia injini kubwa. Nyekundu ni kwamba inachaji, kijani ni kwamba imejaa.

Usiku mzima, Tonya. Si saa tatu, si saa nne. Mwanzoni zinajaa haraka mpaka unafurahi, halafu ile sehemu ya mwisho inaingia tone kwa tone, na hapo ndipo watu hudanganyika. Wanachomoa wakidhani imejaa, kufika mchana wako katikati ya ziwa wanapiga makasia. Usichomoe mapema hata kama inaonekana imejaa.

Mimi nipo. Sijagusa kitu tangu Januari. Jaji alisema nikimaliza hapa kesi inafutwa, nikitoka kabla ya tarehe nne Mei ni jela miaka mitatu. Nitamaliza. Mama yangu mzima? Mwambie barua zake sizioni.

Wako,
Dewayne

*

Langston, Alabama
Jumapili, 10 Machi

Dewayne,

Mgongo unaniuma, pua imeungua na jua, na nanuka samaki hadi kwenye kanisa la Kibaptisti, ambako leo Dada Imogene amehama benchi. Lakini nimevua! Watatu ni wangu, wawili wa Royce, na mkubwa kuliko wote ni wangu. Royce amenuna tangu kwenye mizani. Tumeshika nafasi ya tisa kati ya timu sitini.

Tungeshika ya tatu kama si hizo betri zako. Saa sita mchana tulikuwa tumewapata samaki wamejaa kwenye majani ya maji kule Kijito cha Siebold, upepo ukaanza, Royce akakanyaga pedali ya mota, mota ikaguna kama mzee anayeamshwa, ikafa. Upepo ukatusukuma mpaka kwenye mawe. Royce alitukana maneno ambayo sikujua kama yapo. Mimi nikashika kasia.

Na Ijumaa nilichomeka! Kabla sijavua viatu, kama ulivyoagiza. Jua lilikuwa halijazama. Asubuhi saa kumi na moja kabla ya kuondoka nikafungua kifuniko, taa zote nyekundu. Nikasema labda ndivyo zilivyo. Nikachomoa, tukaenda.

Chaja yako ni mbovu au mimi ni mbovu?

Mama hajambo. Anakusalimu sana. Macho yanamsumbua, ndiyo maana haandiki.

Mkeo,
Tonya

*

Kambini
Ijumaa, 15 Machi

Tonya,

Hongera ya samaki. Nimemwonyesha kila mtu barua yako, hata mpishi.

Ila hesabu hainiingii. Chaja ile si mbovu, niliifunga mwaka juzi kwa mikono yangu. Ukiichomeka jua halijazama, alfajiri taa zote ni kijani, hata kama betri zilikuwa tupu kabisa. Nyekundu saa kumi na moja maana yake ilichomekwa usiku sana, au ilichomekwa, ikachomolewa ikaenda mahali, ikachomekwa tena. Betri haidanganyi. Haina sababu ya kudanganya.

Basi niambie tu. Ijumaa usiku mashua ilikuwa wapi? Kama mlitoka jioni kujaribu maji, sema mlitoka. Kama mlipita mahali na Royce mkala, sema. Mimi si mtoto.

Na kwenye banda langu kuna soketi mbili. Ulitumia ipi?

Dewayne

*

Langston
Jumapili, 24 Machi

Dewayne,

Eti "betri haina sababu ya kudanganya." Mimi ninayo, siyo?

Nilitumia soketi iliyokuwepo. Nilichomeka nikitoka kazini, maana Ijumaa nafunga jiko la shule mapema. Sikwenda popote. Nilikula mkate wa mahindi na maharage nimesimama, nikalala. Alfajiri, nyekundu. Jana tena hivyo hivyo! Jana hata saa tano hazikufika. Tulivua karibu na gati kama watoto, tukaleta mizani samaki wawili, mmoja akiwa anahema vibaya. Tumeshuka hadi nafasi ya kumi na tisa. Royce anasema tununue chaja mpya. Nimemwambia chaja ni ya Dewayne, haibadilishwi mpaka Dewayne aseme.

Kuhusu mahali mashua inapolala, inalala mahali salama. Usiniulize tena hilo. Nina mambo mengi kichwani, na wewe una jambo moja tu la kufanya, kukaa hapo mpaka tarehe nne Mei. Moja tu, mume wangu. Mengine yote niachie.

Mama hajambo.

Tonya

*

Kambini
Jumamosi, 30 Machi

Tonya,

"Mahali salama." Umeandika hivyo kwa mkono wako mwenyewe.

Binamu yangu Lamar ameniandikia. Amepita nyumbani kwetu usiku mara tatu akitoka zamu. Mara zote tatu hakuna mashua, hakuna pikapu yako, nyumba giza. Lisemwalo lipo. Nimelala macho wazi wiki nzima nikipiga hesabu ile ile, na kila nikiipiga jibu ni lile lile. Mashua inakaa mahali pengine jioni, waya unachomekwa usiku wa manane, ndiyo maana alfajiri ni nyekundu. Royce ameachwa na mkewe mwaka jana. Royce ana nyumba tupu kando ya maji. Nimesoma naye, nimezika baba yangu naye akiwa ameshika upande wa pili wa jeneza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na wewe ukaniandikia mistari mizuri kuhusu pua iliyoungua.

Sitaki unijibu. Watu wengine humu wanaachwa na wake zao kwa barua, wanalia, wanaombewa, wanabaki. Mimi si wa kubaki. Lango halina kufuli, tuko hapa kwa hiari yetu na kwa hofu ya jaji. Mwenzenu sasa hivi simwogopi jaji. Nitakuja nione kwa macho yangu mashua yangu imechomekwa kwenye ukuta wa nani.

Dewayne

*

Gati la Waterfront, Langston
Jumatano, 3 Aprili

Dewayne, bwege wangu,

Tonya amenionyesha barua yako. Amenionyesha akiwa analia, na huyu mwanamke halii ovyo. Nimemwona akiing'oa ndoano kidoleni mwake mwenyewe huku akitafuna sandwichi.

Mimi na mkeo? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wewe umepata upara mapema. Kwenye mashua tunaongea samaki na tunagombana kuhusu redio. Kwangu hajawahi kukanyaga.

Mashua inalala wapi, najua. Nimeapa kwake sitasema, na sitasema, hata ukinitukana na ukoo wangu wote. Yeye ndiye mwenye kusema. Wewe kaa chini hapo ulipo. Ukitoka, mimi sitakuja kukutembelea jela, nakwambia kabisa. Nilikuja mara ya kwanza, chakula chenu kibaya.

Royce Tidmore

*

Langston
Jumatano, 3 Aprili

Dewayne Ledbetter,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimechana, zilikuwa na maneno ambayo Dada Imogene angehamia kanisa lingine.

Miaka kumi na saba! Nimekutoa kwenye mitaro, nimekuvua viatu vyenye matapishi, nimesimama mbele ya jaji nikasema huyu ni mtu mwema, bwana, apewe nafasi. Na wewe umepiga hesabu ya betri ukaniona malaya. Unajua kinachoniuma? Kwamba hukuniuliza kama naumwa, kama nimechoka, kama nalala. Umeiuliza chaja.

Basi chukua hesabu nyingine uongezee. Jana nilitoka gizani kwenda kazini bila kuwasha taa ya banda, maana nilikuwa nimeshika kahawa mkono mmoja na mizigo mkono mwingine. Nikafungua kifuniko. Kisanduku chako kimekufa kabisa, hakina hata taa moja, si nyekundu wala kijani. Waya umechomekwa vile vile nilivyouacha. Nikarudi mlango wa jikoni nikabonyeza taa ya banda nipate kuona vizuri, na zile nne zote zikawaka nyekundu papo hapo, kama watoto walioshtuliwa darasani. Nikazima, zikafa. Nikawasha, zikawaka. Royce anasema kisanduku kimeharibika akili. Mimi sijui. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye unayejua kila kitu.

Mimi ninachojua ni kitu kimoja ulichoniandikia mwenyewe: sehemu ya mwisho inaingia tone kwa tone, usichomoe mapema hata kama inaonekana imejaa. Umebakiza mwezi. Ukichomoa sasa, Dewayne, usije kwangu. Siwezi tena kupiga makasia kwa ajili ya watu wawili.

Tonya

*

Kambini
Jumanne, 9 Aprili

Tonya,

Niko kambini. Nimeanza na hilo ili usisome mengine moyo ukiwa mkononi.

Wiki nzima nilikuwa nasema nitatoka kesho, mpaka barua zenu mbili zikafika pamoja Jumamosi. Nilifungua ya Royce kwanza. Nilipofika pale anaposema anajua mashua inalala wapi na ameapa hatasema, damu ilinipanda mpaka sikuona vizuri. Yako sikuifungua. Niliitia mfukoni, nikachukua koti, wenzangu wakiwa kwenye chakula cha mchana nikatoka langoni. Hakuna aliyenizuia. Nilitembea mpaka barabara kuu, kwenye kile kituo cha mafuta, nikampata dereva wa lori la kuku anayekwenda Alabama. Akasema panda, nijaze mafuta tu.

Kaunta ya bia ilikuwa hatua chache kutoka niliposimama. Nakwambia ili ujue. Niliiangalia.

Halafu nikasema ngoja nisome hata huo uongo wake, ili nikifika niwe na maneno. Nikafungua yako nikiwa nimeegemea gurudumu. Nikasoma matusi, nikasema haya. Nikafika kwenye taa ya banda.

Tonya, kwetu soketi na taa havijuani. Umeme wa banda letu nimeufunga mwenyewe. Kuna nyumba moja tu ninayoijua ambako ukizima taa ya banda na soketi inakufa. Baba alifunga hivyo nikiwa na miaka tisa, ili taa za Krismasi za nje azizime kwa swichi ya jikoni bila kutoka kwenye baridi. Na kuna mtu mmoja tu duniani anayezunguka kila usiku baada ya maombi akizima kila kitu kinachowaka, na hawezi kulala mpaka amezima.

Mashua iko kwa Mama. Wewe uko kwa Mama. Unachomeka mchana, yeye anazima akienda kulala, betri zinabaki na njaa usiku mzima, na wewe alfajiri ukiwasha taa unazikuta nyekundu, kumbe ndiyo kwanza zinaanza.

Na kama umehamia kwa Mama na hutaki nijue, basi macho siyo yanayomsumbua.

Nilikaa chini pale pale kwenye lami. Nimekuita vile nilivyokuita, nawe ulikuwa unamlinda mama yangu. Dereva akapiga honi. Sasa nilikuwa na sababu mara mbili ya kupanda, unaelewa? Mwanzo nilitaka kuja kumpiga mtu, sasa nilitaka kuja kumwona Mama kabla hajazidiwa. Nikashika mlango wa lori. Mguu mmoja ulikuwa juu. Nikajua kwa nini ulificha. Ulijua kwamba kwa hilo ningetoka, na ningefika kwake na pingu nyuma yangu.

Nikamwambia dereva aende.

Kurudi nilikimbia, mimi na mapafu haya. Jioni Ndugu Harlan huita majina, na asiyeitika jina lake linapelekwa kwa jaji kesho yake. Hana mswalie mtume kwa hilo. Nilimsikia kabla sijamwona, tayari yuko kwenye herufi ya K. Aliposema "Ledbetter" nilikuwa bado nje ya lango. Nikaita "Nipo!" kwa sauti ambayo hata ng'ombe waligeuka. Akanitazama, viatu vumbi, koti mkononi. Akasema, "Chakula kimeisha," akaenda kwenye herufi ya M.

Sasa fanya hivi. Mama ana friza kwenye chumba cha kufulia. Soketi ya friza ni waya mwingine kabisa, na hajawahi kuizima hata siku moja kwa sababu ya nyama. Kuna soketi ya pili chini yake. Pitisha waya wako dirishani, chomeka hapo. Jumamosi utaona kijani.

Swichi ya Baba usiibadilishe. Mwache azime.

Niandikie ukweli wote wa Mama. Sitatoka. Na unisamehe ukiweza. Usipoweza leo, nitasubiri tone kwa tone.

Dewayne

*

Nyumbani kwa Mama
Jumapili, 14 Aprili

Dewayne,

Kwa mara ya kwanza naandika mwanzoni mwa barua mahali nilipo kweli.

Ilianza wiki ya pili baada ya wewe kuondoka. Jirani alimkuta barabarani na gauni la kulalia, anatafuta gari la shule. Anakutafuta wewe. Wiki ile ile aliacha sufuria jikoni mpaka pazia likashika moto. Nikahamia hapa, na mashua nikaileta, maana bandani kwetu ingeibiwa. Daktari anasema ni ugonjwa wa usahaulifu, hautarudi nyuma. Siku nyingine ananijua. Siku nyingine mimi ni dada yake aliyekufa, na tunapikiana biskuti. Barua zako namsomea. Anasema, "Huyo kijana anaandika vizuri, mama yake nani?" Nisingeweza kukuandikia hilo.

Na usiku, kweli, anazunguka. Amesahau jina langu lakini swichi zote anazijua. Akizima ya banda anasema, "Umeme hauokotwi," kisha analala. Nilikuwa namsikia kila siku, sikuunganisha kabisa. Mimi na Royce tumejiona mbuzi.

Nimekusamehe? Nusu. Iko kwenye nyekundu. Usinisukume.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nikapitisha waya dirishani nikachomeka kwenye friza. Mama akazunguka, akazima yake, akalala. Jana alfajiri nikafungua kifuniko, kijani nne. Nililia, kwa taa, Dewayne. Mota ilikwenda kutwa, na upepo ulikuwepo. Nafasi ya sita. Tumeingia fainali, na kiti ni chako, ila yule samaki mkubwa tuliyempeleka mizanini ni wangu, usije ukajisahau.

Jana jioni niliporudi nikachomeka tena. Nilisahau kufunga kifuniko. Mama akazima taa ya banda kama kawaida, na gizani akaona zile nne nyekundu ndani ya mashua, hazikuzimika. Akakasirika. Akabonyeza swichi mara tatu, nne. "Nani ameacha hizi zinawaka?"

Nikamwambia, "Ni za Dewayne, Mama. Akirudi azikute zimejaa."

Akaachia swichi. Akaniuliza anarudi lini, nikamwambia tarehe nne Mei. Akaniuliza kama ni mbali, nikamwambia si mbali.

Akasema, "Basi ziache."

Mkeo,
Tonya